Shati la Karatasi



Yako maswali madogo ambayo mtu huyapuuza, akidhani ni ya watoto tu; lakini ukiyatazama sana waona kwamba ndani yake yamo mambo ya watu wazima. Swali la mwezi huu ni hili: Je, yafaa mtu kutumia saa zake na nguvu zake kutengeneza kitu kisichoweza kutumika? Nalo lina swali la pili ndani yake, lililo gumu zaidi: Je, yafaa kutengeneza nguo ndogo ya karatasi, isiyovalika na mtu yeyote, hali jirani hana nguo ya kuvaa? Mtu mwenye haraka atajibu mara moja, "Haifai." Mimi nami nalijibu hivyo. Nataka kuwasimulia jinsi nilivyojibu na jinsi nilivyoaibika, kisha tulipime jambo lenyewe pamoja. Maana naona latuhusu sisi kuliko linavyowahusu watoto.

Nalikwenda Makunduchi katika mwezi wa Julai, siku chache kabla ya sikukuu yao ya Mwaka. Makunduchi ni mji wa kale, upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Unguja. Wenyeji wana Kiswahili chao cha asili, kiitwacho Kikae au Kimakunduchi, ambacho mgeni wa bara hukisikia nusu tu. Wanawake wengi wa pwani ile hufukia makumbi ya nazi mchangani, huyafukua baada ya miezi, huyaponda, na kwa nyuzi zake husokota kamba. Na tangu mwaka 1989, kilimo cha mwani kilipoanza katika pwani ya mashariki ya Unguja, wengi wamefanya na kazi hiyo, wakishuka baharini maji yanapokupwa na kurudi yanapojaa.

Kwa wasomaji wasioifahamu sikukuu ya Mwaka Kogwa, nitaeleza kidogo. Maana yake ni kuoga mwaka. Ni mwanzo wa mwaka wa jua, na asili yake ni Nairuzi ya Waajemi. Siku ile wanaume wa upande mmoja wa mji huwakabili wanaume wa upande wa pili, wakapigana kwa mabua ya migomba. Mwenye kinyongo cha mwaka uliopita hukitoa hapo, asipate kuingia nacho katika mwaka mpya. Hujengwa pia kibanda kidogo cha makuti. Mtu huingia ndani, kibanda hutiwa moto, naye hutoka mbio. Wanawake huimba, wamevaa nguo mpya. Kila nyumba hupenda kuwa na mgeni siku ile, na mgeni hali chakula peke yake.

Kwa hiyo, siku za kabla ya Mwaka, fundi wa kushona hana usingizi. Nami nalifikia kwa fundi. Cherehani yake ilikuwa barazani, ikilia tangu alfajiri hata usiku. Alikuwa na binti wa miaka kama kumi, mpole, mwenye vidole vyepesi. Binti huyu aliokota karatasi zilizobaki katika kukata vipimo, akazikunja, akafanya nguo ndogo: kanzu, gauni, shati, hata buibui. Hazikuzidi urefu wa kidole. Akazipanga juu ya ukingo wa dirisha kama mwenye duka.

Siku ya pili fundi alikasirika. Alikuwa akitafuta karatasi ya kipimo cha mteja mmoja asiione. Kumbe imekwisha kuwa gauni la urefu wa kidole. Akaniita, "Mwalimu, hebu sema nawe na mtoto huyu. Mimi nashona nguo za watu hata nafasi ya kula sina. Yeye atengeneza nguo zisizomsitiri hata panya!"

Nikamwunga mkono mwenyeji wangu. Nikamwambia yule binti, "Mwanangu, karatasi haimsitiri mtu. Afadhali saa hizi ungalimsaidia baba yako kutia vifungo." Akaitika kwa adabu, "Ndiyo, mwalimu," akaanza kuziokota nguo zake moja moja.

Alipokuwa akiziokota, baba yake aliona shati moja, akalichukua mkononi. "Na hili je? Hata kukunja kwenyewe hujui. Lina mkono mmoja."

Binti akajibu polepole, "Sikukosea, baba. Hilo ni shati la Fulani." Akamtaja mtoto wa jirani.

Sasa mtoto huyo sote wawili tulimjua. Kila asubuhi alipita mbele ya baraza na ndoo yake, akasema, "Shikamoo," nasi tukaitika, "Marahaba." Mama yake alikuwa mjane, mkulima wa mwani. Na shati lake lilikuwa limechanika, mkono wa kushoto haupo kabisa. Mimi nalikuwa nimekwisha kumwona mara nne au tano. Fundi alikuwa amemwona kwa miezi mingi. Lakini tulimwona kama mtu aonavyo mti wa njiani, ambao hajui hata una matawi mangapi. Aliyemtazama ni yule binti.

Fundi hakusema neno. Aliliweka lile shati la karatasi juu ya cherehani, akaendelea na kazi. Usiku, baada ya chakula, nalimsikia akifungua kikapu cha vipande vya vitambaa vilivyobaki. Na siku ya Mwaka mtoto yule alikuja na shati la rangi mbili, mwili rangi moja na mikono rangi nyingine, akanipa shikamoo kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Ndugu wasomaji, hiyo ndiyo habari yenyewe. Sasa tulipime jambo.

Mtu aweza kusema, "Basi, jibu limepatikana. Kazi ya binti ilikuwa njema, kwa kuwa ilileta shati la kweli." Lakini jibu hili halitoshi. Je, kama fundi asingaliliona shati lile, au kama angaliliona asiulize, kazi ya mtoto ingalikuwa bure? Karatasi ni ile ile, vidole ni vile vile, na moyo ni ule ule. Tukisema ilikuwa njema kwa sababu tu baba aliuliza, basi twaupima wema wa kazi ya mtu kwa macho ya mtu mwingine. Hapana budi tutazame kazi yenyewe.

Kwanza, tutazame ni kazi gani. Mtu asiyepata kuijaribu hudhani ni rahisi. Na ajaribu. Chukua karatasi ambayo urefu wake ni kama mara mbili ya upana wake. Ikunje katikati kwa urefu, kisha ifungue, ili mstari wa katikati uonekane. Zilete kingo zote mbili ndefu hata zikutane juu ya mstari ule, kama mbao mbili za mlango mmoja. Sasa, katika ncha moja, kunja nyuma ukanda mwembamba, kisha zilete pembe zake mbili mbele zikutane katikati: huo ndio ukosi wa shati. Geukia ncha ya pili. Zile kingo zilizokutana katikati zigeuze nje hata zichungulie ubavuni: hiyo ndiyo mikono. Mwisho, ipandishe ncha ile juu, uichomeke chini ya ukosi. Shati limekwisha.

Angalia mambo mawili hapo. Kwanza, hukuongeza kitu wala hukupunguza kitu. Hapana mkasi, hapana uzi, hapana gundi. Karatasi ni ile ile uliyoanza nayo, na ukiifungua itakurudia nzima. Pili, ukikosea unywele mmoja katika kunjo la kwanza, kosa halionekani hapo. Litaonekana mwisho, kwenye ukosi, ambao utasimama upande. Fundi yeyote wa kushona, seremala yeyote, na mzazi yeyote aliyelea watoto anajua kanuni hiyo. Wazee walisema: Samaki mkunje angali mbichi. Mtoto akunjaye karatasi ajifunza maneno hayo kwa vidole kabla ya kuyafahamu kwa akili.

Wala kazi ya kukunja si ngeni kwetu. Watoto wa pwani, tangu zamani, huchukua jani la mnazi wakalikunja kuwa mpira, au wakafanya kititia kinachozunguka kwa upepo. Bibi zao husuka ukili na kuushona kuwa mkeka. Karatasi imekuja baadaye, nayo imeikuta mikono iliyokwisha kujua.

Walioikuza kazi hii kuliko wote ni Wajapani, nao huiita origami: ori ni kukunja, na kami ni karatasi. Mwaka 1797 kilichapwa Kyoto kitabu cha kufundisha kukunja korongo wa karatasi, wengi wakiwa wameshikamana katika karatasi moja. Miongoni mwa maumbo yao ya zamani limo la mtumishi mwenye mavazi mapana, waitalo yakko. Na suruali yake pana hukunjwa kwa karatasi ya pili, ikachomekwa chini yake. Tena nalijifunza jambo lililonifanya nicheke nafsi yangu. Wajapani hao hao walijua kutengeneza mavazi ya kweli kwa karatasi iliyotiwa dawa ya kuiimarisha, yaitwayo kamiko, na watu waliyavaa mwilini wakati wa baridi. Basi hata lile neno langu, "Karatasi haimsitiri mtu," nililolisema kama mwenye hekima, halikuwa kweli.

Na huko Ulaya yuko mtu mmoja ambaye jina lake latupasa kulikumbuka, Friedrich Fröbel, aliyezaliwa mwaka 1782 katika nchi ya Thuringia ya Ujerumani, mwana wa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1837 alianzisha shule ya watoto wadogo huko Blankenburg, na mwaka 1840 akaziita shule za namna hiyo bustani za watoto. Aliwapa watoto mipira, vipande vya mbao, na karatasi za kukunja. Maana aliamini kwamba mchezo si adui wa mafundisho, bali ndio lango lake. Wakubwa wengi hawakupendezwa. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ilizipiga marufuku shule hizo, na Fröbel akafa mwaka 1852 kabla ya marufuku kuondolewa mwaka 1860. Lakini mwaka 1876 shule ya namna hiyo ilifunguliwa Tokyo. Na hapo kukunja karatasi kwa Ujerumani kukakutana na kukunja karatasi kwa Ujapani. Leo kila shule ya chekechea, hata za kwetu, ni mjukuu wa bustani ile ya Blankenburg. Basi sisi tulio wajukuu tusiwe wakali kwa watoto kama serikali ile.

Lakini naona sijalijibu bado swali gumu. Mtu atasema, "Nakubali kwamba mchezo wafundisha vidole. Lakini kitu chenyewe hakidumu, wala hakifai. Kesho kitafagiliwa."

Kuhusu kudumu, nitajibu kwa kibanda cha makuti cha Makunduchi. Watu wazima wenye akili hukijenga kwa bidii, nao wajua kwamba kitateketea siku ile ile. Hakuna atakayelala ndani yake. Je, ni kazi bure? Waulize wenyewe. Watakuambia kwamba ni sehemu ya kuuaga mwaka uliokwisha. Tukisema kitu kisichodumu ni bure, basi na wimbo ni bure, maana ukiisha umekwisha. Na chakula cha jana ni bure, na hata salamu ya asubuhi. Vitu vingi vinavyowaunganisha watu ni vile visivyodumu hata jioni. Kwa hiyo kudumu si kipimo cha kweli.

Kuhusu kufaa, jambo ni zito zaidi, nami sitaki kulipita upesi. Maana nguo si kama vitu vingine. Nguo ni sitara ya mtu. Na hasa katika Unguja, mavazi yana historia yenye uchungu. Zamani za utumwa, mtumwa alivaa kaniki au merikani, nguo za bei ndogo, wala hakuruhusiwa kujifunika kichwa wala kuvaa viatu kama muungwana. Mtu alimtambua kwa mbali kwa nguo yake. Mwaka 1897 ilitolewa amri ya kuufuta utumwa katika sheria ya Unguja. Baada ya hapo wengi waliokuwa watumwa walitafuta mavazi mapya kabla ya mambo mengine mengi; wanawake wakajifunga kanga za rangi, baadaye wakavaa na buibui, wanaume wakavaa kanzu na kofia. Watu wengine waliona ni majivuno. Lakini mtu aliyekatazwa kujifunika kichwa, siku anapojifunika hajivuni. Asema kwa kitambaa kwamba yeye ni mtu. Si ajabu kwamba kanga, doti yake yenye pindo na mji, iliwekewa na maneno, ipate kusema waziwazi yale iliyokuwa ikiyasema kimya.

Basi, ikiwa nguo ni jambo zito namna hiyo, je, si dhihaka kuifanya ya kuchezea? Nalifikiri hivyo kwa muda. Lakini sasa nafikiri kinyume chake. Mtoto hachezi na kitu asichokijali. Huchezea upishi, kwa kuwa chakula ni kitu kikubwa. Huchezea arusi, na safari, na hata mazishi. Yule binti alikunja nguo kwa kuwa alikuwa amekwisha kuelewa, akikaa karibu na cherehani, kwamba kila nguo ni mtu. Hakukunja "shati." Alikunja shati la Fulani. Na kwa kuwa alitaka kulikunja sawasawa, ilimpasa alitazame; na alipolitazama, aliona kwamba mkono haupo. Sisi hatukuwa na sababu ya kutazama, basi hatukuona.

Hapa ndipo ninapoona kufaa kwake. Kitu kikubwa kilicho mbele yetu kila siku tumekizoea, na mazoea ni kama ukungu wa macho. Kikifanywa kidogo, kikawekwa juu ya ukingo wa dirisha, twakiona tena kama wageni. Baba yake hakuona kosa katika shati la jirani kwa miezi, lakini aliliona mara moja katika karatasi ya urefu wa kidole, akakasirika: "Lina mkono mmoja!" Kwa karatasi ilimkera, kwa mtoto haikumkera. Nami nalikuwa nimekaa pale pale. Hiyo ndiyo aibu niliyoisema mwanzoni.

Iko hatari, wala siifichi. Lugha yetu yenyewe yatuonya. Neno "bandia" zamani lilikuwa jina la mwana wa kuchezea, yule mwana wa sesere ambaye wasichana humtengeneza kwa vitambaa na kumbeba mgongoni. Siku hizi neno lilo hilo latumika kwa kila kitu cha uongo: fedha bandia, dawa bandia, vyeti bandia. Neno moja, na njia mbili. Je, zatengana wapi? Nadhani zatengana hapa. Msichana ambebaye mwana wa bandia hamdanganyi mtu. Yeye ajua, mama yake ajua, na jirani ajua. Lakini auzaye dawa bandia ataka mnunuzi asijue. Ufanano peke yake si uongo. Uongo huanza pale kitu kidogo kinapotolewa mahali pa kitu cha kweli, na mpokeaji akaambiwa, "Umekwisha kupata."

Mfano mmoja wa nchi za mbali wanisaidia hapa. Wachina wengi, katika siku za kuwakumbuka wafu wao, hununua au hutengeneza nguo za karatasi, wakaziteketeza kwa ajili ya wazazi waliokufa. Sisi hatuna desturi hiyo, wala siwaambii muifuate. Lakini siwezi kuwaita waongo. Mtu yule hana njia ya kumvika baba yake aliyekufa. Mkono wake haufiki. Karatasi ni kilio cha mkono usiofika. Hakumnyima baba kitambaa ili ampe karatasi.

Lakini mtu ambaye mkono wake wafika, ambaye kikapu cha vipande ki karibu naye, akatoa karatasi, huyo tumwite nani? Ndugu zangu, hapa nawageukia ninyi na mimi mwenyewe, wala si watoto tena. Mara ngapi tumekaa katika mkutano wa wazee wa usharika, akatajwa mjane fulani au yatima fulani, tukahuzunika, tukaandika katika kitabu cha kumbukumbu, "Imekubaliwa kwamba asaidiwe," kisha tukafunga kitabu? Mwezi wa pili maneno yakasomwa, yakathibitishwa, yakatiwa sahihi. Yule mjane hajaona kitu. Hilo ndilo shati la karatasi lililo baya. Halina ukosi wala mikono, wala halikukunjwa na mtu aliyemtazama mwenye shida. Nalo lina ubaya ambao shati la yule binti halikuwa nao: limetufanya sisi tujione tumekwisha kutenda. Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Basi naona swali letu la mwanzo liliulizwa vibaya. Tuliuliza, "Je, yafaa kukunja nguo za karatasi hali jirani hana nguo?" kana kwamba karatasi ya mtoto ndiyo iliyomnyima jirani. La hasha. Kipande kile cha karatasi hakingalikuwa shati la kweli kwa njia yoyote, na saa ile ya mtoto haingalishona kitambaa. Waliokuwa na kitambaa, na cherehani, na fedha ya nauli ya kwenda kutazama sikukuu, ni watu wazima. Ilikuwa rahisi kwetu kumkemea mwenye karatasi, kwa kuwa kumkemea hakutugharimu kitu. Mtu akitaka kujua ni nani aliyepoteza wakati katika baraza ile, asimtazame yule binti.

Nitatoa mashauri machache, hasa kwa walimu na wazazi.

Kwanza: mtoto akikuletea kitu alichokifanya kwa mikono yake, usikikunjekunje mkononi wala usikitupe mbele yake. Muulize, "Hiki ni nini? Na hiki ni cha nani?" Swali hili la pili ndilo lenye faida kubwa. Kama fundi asingaliuliza juu ya ule mkono mmoja, tungalikwenda zetu na hekima yetu.

Pili: wafundisheni watoto kukunja. Karatasi za madaftari yaliyokwisha andikwa zatosha, hazihitaji fedha. Wafundisheni kunjo la kwanza liwe sawa, na wakikosea wafungue waanze tena. Ni vyema mtoto akajua mapema kwamba yako makosa ambayo dawa yake ni kufungua yote na kurudi mwanzo. Lakini wafundisheni pia kuheshimu karatasi ya mtu mwingine. Binti wa fundi alikosa katika hilo, na baba yake alikuwa na haki ya kumwonya. Kipimo cha mteja si mali ya mchezo.

Tatu: msiwaache watoto wakadhani kwamba karatasi yatosha. Siku wakunjapo mashati madogo, waulizeni kama wako watoto shuleni wasio na mashati makubwa. Kisha lisiishe kwa kuuliza. Lililo kubwa mno kwa mtoto lichukuliwe na mtu mzima, siku ile ile kama yawezekana, kabla halijaandikwa katika kitabu.

Nne: sisi wenyewe tujipime. Kila mmoja atazame ni karatasi gani alizozitoa mahali pa kitambaa: ahadi, barua za pole, maazimio ya mikutano. Ahadi ni deni. Iliyo mahali pa kitendo kinachowezekana, na ifunguliwe, kitendo kitendwe. Na kama kitendo hakiwezekani, na tuseme wazi, "Hatuwezi," ili mwenye shida atafute mahali pengine, asingoje mlangoni petu akiwa amevaa maneno.

Nilipoondoka Makunduchi, fundi alinisindikiza hata kituo cha gari. Hatukulizungumza jambo lile; watu wazima wawili walioaibika pamoja hawana haja ya maneno mengi. Lakini nilipopita barazani kuaga, naliona kwamba shati la mkono mmoja lingali juu ya cherehani, limebanwa chini ya kibweta cha sindano lisipeperuke. Na pembeni ya dirisha, nguo nyingine zilikuwa zimerudishwa mahali pake, zimepangwa vizuri kwa safu. Binti alikuwa amekaa chini akitia vifungo kwenye kanzu ya mteja, kama nilivyomwamuru. Naliona haya. Nikatoa bahasha iliyokuwa mfukoni mwangu, nikampa, nikamwambia, "Mwanangu, ukimaliza vifungo, karatasi hii ni nzuri kwa kukunja."

Akaniuliza, "Nikunje nguo ya nani, mwalimu?"

Nikafikiri kwanza, nikamtajia mtu mmoja wa kwetu, ambaye kwa muda mrefu nalikuwa nikimwitikia salamu tu.